Nge wa Turin: Abarth, Fiat 500 na sanduku la mbao

Wengi wanaosimulia habari za Fiat 500 huanzia tarehe 4 Julai 1957, siku ilipozinduliwa mjini Turin. Mimi huanzia miezi saba baadaye, Monza, katikati ya baridi ya Februari 1958. Kwenye njia ile ya mashindano kigari kimoja kilizunguka usiku na mchana kwa siku saba mfululizo, madereva wakipokezana usukani. Kiliingia tarehe 13, na kilipotolewa tarehe 20 kilikuwa kimekwenda kilomita 18,186, kwa wastani wa kilomita 108.25 kwa saa. Katika wastani huo humo humo mna muda wa kusimama kujaza mafuta, kukagua tairi na kubadilishana madereva. Sasa pima: Fiat 500 ya kawaida ya siku hizo, hata ukanyage mafuta mpaka mguu ugote sakafuni, ilikuwa inaishia kilomita 85 kwa saa.

Aliyekiandaa kigari kile ni Carlo Abarth, mwanzilishi wa kampuni yenye jina lake. Naamini kabisa kwamba bila wiki ile ya Monza huenda leo hii tusingekuwa tunaizungumza Fiat 500 kwa mapenzi haya.

Maana mwanzo wake ulikuwa mbaya. Dante Giacosa, mhandisi wa Fiat aliyekuwa ameshabuni kigari cha Topolino cha mwaka 1936, alitakiwa atengeneze gari ambalo mtu wa skuta ya Vespa angeweza kulimudu, na alifanya hivyo bila kupoteza gramu moja ya chuma. Urefu ni mita 2.97. Injini iko nyuma, silinda mbili zinazopozwa kwa hewa, ujazo sentimita 479 za mchemraba, nguvu za farasi 13. Paa ni turubai la kukunja mpaka nyuma kabisa, kwa sababu turubai ni jepesi na la bei nafuu kuliko bati. Lakini vioo vya milango havikushuka, nyuma hakukuwa na kiti cha maana, na bei ya lire 490,000 haikuwa mbali sana na ya Fiat 600, ambayo ilibeba watu wanne wakakaa kama watu. Wanunuzi wakaiangalia, wakaenda zao. Haikupita miezi mingi Fiat ikalazimika kuirekebisha, kushusha bei na kuwarudishia tofauti wale waliowahi kununua.

Ndipo ikaja Monza. Habari kwamba kale kagari ka watu wa kipato cha chini kamekimbia wiki nzima bila kufa ziliwafikia wanunuzi kwa namna ambayo hakuna tangazo la biashara lingeweza. Mwaka huo huo wa 1958 Fiat yenyewe ikatoa 500 Sport, injini ikapandishwa hadi sentimita 499.5 na farasi 21.5, bodi nyeupe yenye mstari mwekundu ubavuni, na kwenye mbio za saa 12 za Hockenheim zikashika nafasi nne za kwanza katika daraja lao. Utengenezaji ulipokoma mwaka 1975, zaidi ya magari milioni 3.8 ya Fiat 500 yalikuwa yameshatoka. Kwa hiyo ninaposikia mtu akisema Abarth ni pambo lililobandikwa juu ya gari la mjini, nakataa. Mchezo wa mbio ndio uliolitoa shimoni.

Mwenyewe Abarth alikuwa mtu wa kusafiri sana na wa bidii inayokaribia ukaidi. Alizaliwa Vienna tarehe 15 Novemba 1908, akaitwa Karl. Nyota yake nge, na ndiyo maana nge yuko kwenye ngao ya kampuni mpaka leo. Alianza na pikipiki. Mwaka 1934 alishindana na treni ya Orient Express kutoka Ostend hadi Vienna, yeye akiwa juu ya pikipiki yenye kitoroli cha pembeni, na akafika kabla yake. Ajali mbaya huko Ljubljana ikamwachisha pikipiki, vita vikamkuta huko huko, na baada ya vita akaingia Italia kufanya kazi Cisitalia, kampuni ya magari ya mbio ya Piero Dusio iliyofilisika upesi. Tarehe 31 Machi 1949 akaanzisha yake, Abarth & C., mjini Bologna, kabla ya kuihamishia Turin.

Kilichomlisha Abarth katika miaka ile kilikuwa bomba la moshi, si vikombe vya ushindi. Ukitaka kuielewa kampuni hii, achana na picha za mabingwa kwanza, inama utazame ekzosi. Sailensa za kawaida za wakati ule ziliupitisha moshi kwenye vyumba na kona nyingi ili kuua sauti, na kila kona iliirudishia injini mzigo. Ya Abarth iliunyoosha: bomba lenye matundu linalokwenda moja kwa moja, limezungushiwa nyuzi za kioo za kumeza kelele, ndani ya mkebe mweusi wenye midomo inayong'aa. Moshi ukatoka kwa wepesi, injini ikapumua, na sauti ikawa nzito, ya kifuani. Karani wa posta mwenye Fiat 600 angeweza kuinunua kwa mshahara wake na kuifunga siku ya mapumziko. Mwaka 1962 peke yake kampuni ilitengeneza zaidi ya ekzosi 250,000, nyingi zikaenda nje ya Italia.

Halafu lilikuwepo sanduku. Hili ndilo linalonigusa kuliko yote. Aliyekuwa na 500 ya kawaida na hana fedha ya kununua Abarth kamili aliweza kuagiza sanduku la mbao lenye kila alichohitaji: pistoni, kemshafti, kabureta kubwa zaidi, ekzosi, gasketi zake, na nembo za kubandika kazi ikiisha. Analipeleka kwa fundi wake mtaani, au anafungua injini mwenyewe uani, na gari lililoingia likiwa la kwenda sokoni linatoka likiwa jingine. Fikiria maana yake. Kampuni inayoshinda mbio inakukabidhi mkononi vitu vile vile ilivyovitumia, na inakuamini kwamba wewe na fundi wako mtaviweza.

Mwaka 1963 mapishi hayo yakaja yakiwa tayari kwenye gari zima, Fiat Abarth 595. Silinda zilitanuliwa kutoka milimita 67.4 hadi 73.5, mgandamizo ukaongezwa, na farasi zikawa 27. Kasi ikafika kilomita 120 kwa saa. Mwaka uliofuata ikaja 595 SS yenye farasi 32, kisha 695 SS yenye 38 na kasi ya kilomita 140. Kwa mtu aliyezoea namba za magari ya sasa hizi ni namba za jenereta, najua, lakini uzito wote wa kitu kile ulikuwa kama nusu tani, tairi nyembamba, na unakaa karibu na lami kiasi kwamba kilomita 80 kwa saa zinausimamisha moyo.

Nimeishi Turin muda wa kutosha kuzizoea 500 za zamani kama tulivyozoea Peugeot 504 nyumbani, lakini moja ilinisomesha. Ni ya mzee wa jengo tunaloishi, 500 F iliyovalishwa vifaa vya Abarth, na alinifundisha kuiwasha. Ufunguo hauwashi injini, unafungua umeme tu. Kati ya viti viwili, nyuma ya mkono wa gia, kuna vijiti viwili vidogo: kimoja choki, kimoja cha kuwashia. Unavuta choki, unavuta cha pili, nyuma inakohoa mara mbili tatu, halafu gari zima linaanza kutetemeka, pamoja na kioo cha kutazamia nyuma. Gia hazikubali papara. Unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia, unatia mafuta kidogo, unakanyaga tena ndipo unaingiza. Ukikosea, meno yanalia na mtaa mzima unajua. Nyuma, chini ya bampa, inaonekana sampu, yaani bakuli la oili ya injini, kubwa, ya alumini, yenye mapezi na jina ABARTH limetokezwa kwenye chuma chenyewe, na kifuniko cha injini kimeegeshwa wazi kwa vyuma viwili ili hewa ipite. Watu hudhani ule uwazi ni mbwembwe. Injini inayopozwa kwa hewa na kulazimishwa kutoa mara mbili ya nguvu zake za kuzaliwa lazima ipate pa kupumulia.

Abarth hakuwa mtu wa kuwatuma wengine tu. Oktoba 1965, akikaribia miaka 57, aliamua kuvunja rekodi mwenyewe Monza kwa gari la kiti kimoja, akakuta hatoshei humo ndani. Akapunguza kilo 30 kwa kula matofaa, akaingia, akaweka rekodi. Mwaka 1971 aliiuzia Fiat kampuni, na Oktoba 1979 akafariki Vienna, mji aliozaliwa.

Chini ya Fiat, nge akahamia kwenye rali, na hapo ndipo sisi wa Afrika Mashariki tulipomwona kwa macho, hata kama wengi hatukujua jina lake. Fiat 131 Abarth Rally ilichukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1977, 1978 na 1980, na kwenye Safari Rally ya Kenya ya 1979 Markku Alén aliifikisha nafasi ya tatu, nyuma ya Shekhar Mehta na Hannu Mikkola. Zile Lancia Delta zilizoshinda Safari mwaka 1988, 1989 na 1991 nazo ziliandaliwa na watu wa karakana ya Abarth huko Turin. Vumbi la Kenya limeingia kwenye historia ya jina hili.

Kisha likanyauka. Miaka ya tisini na kuingia elfu mbili, jina Abarth lilibaki kama kibandiko cha toleo ghali kidogo la gari la kawaida, na Fiat yenyewe ilikuwa inazama. Sergio Marchionne alipokuwa mkurugenzi wake mkuu mwaka 2004 ilikuwa inapoteza fedha kila siku. Mwaka uliofuata General Motors iliilipa Fiat dola bilioni 2 ili tu iondokewe na wajibu wa kuinunua. Katikati ya shida hizo, Machi 2004, kwenye maonyesho ya magari ya Geneva palikuwa na gari la mfano linaloitwa Trepiuno, lililochorwa na Roberto Giolito: sura ya 500 ya Giacosa, macho ya duara, mashavu mviringo, lakini injini mbele. Umati ulilizunguka, na likaruhusiwa kuzaliwa.

Tarehe ya kuzindua 500 mpya ilichaguliwa kwa makusudi: 4 Julai 2007, miaka 50 kamili. Ilitengenezwa Tychy, Poland, juu ya msingi wa Panda, gari jingine dogo la Fiat, na ilibeba tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya la 2008. Nimesoma walalamishi wengi wakisema ni Panda iliyovaa kanzu. Ni kweli kwamba chini ni Panda. Lakini ile ya 1957 nayo ilitumia kila hila ya kupunguza gharama, na Giacosa asingeona haya hata kidogo kutumia sakafu iliyokwisha kulipiwa.

Mwaka huo huo wa 2007 Fiat iliifufua Abarth kama kampuni inayojitegemea, ikaipa makao ndani ya Mirafiori, kiwanda chake cha Turin, na Machi 2008, mwaka ambao Carlo Abarth angetimiza miaka 100, ikaonyesha Abarth 500. Injini ya lita 1.4 yenye turbo, farasi 135, katika gari lisilofika mita 3.7. Hapo ndipo walipofanya jambo lililonifanya niwaamini: walirudisha sanduku. Uliweza kuagiza vifaa vya esseesse, yaani SS kwa matamshi ya Kiitaliano, vya kuipandisha hadi farasi 160, vikaja ndani ya sanduku la mbao lenye nge. Nililiona moja kwenye gereji, limewekwa juu ya meza kama kabati la mahari, msumari wake ungali mpya. Ndani springi fupi, chujio la hewa, diski za breki zilizotobolewa, kompyuta ya injini. Fundi aliyekuwa anavifunga alikuwa kijana, na kila alichokitoa alikifuta kwa kitambaa kabla ya kukipanga sakafuni.

Nimeendesha 595 za zama hizi, Abarth 500 hiyo hiyo kwa jina la zamani, na sitaki kumdanganya msomaji: kuna mambo yanayochosha. Unakaa juu mno, kana kwamba kiti kimewekwa juu ya kingine. Shokapu ni ngumu, na kwenye mawe ya mtaa wa kale unahesabu kila jiwe kwa kiuno. Usukani hausemi mengi kuhusu tairi za mbele. Halafu unapita kwenye handaki fupi, kioo kikiwa chini, gia ya pili, ekzosi ya Record Monza ikiwa imefungua valvu yake, na unapoachia mafuta nyuma inapiga mipasuko midogo mfululizo. Mtoto aliye kando ya njia anageuka. Anayechoma samaki barazani anageuka. Hakuna gari jingine la bei ile linalofanya hivyo kwa nia safi namna hiyo. Ukitaka kuona walikuwa tayari kwenda mbali kiasi gani, tafuta picha za 695 Biposto ya 2014: farasi 190, viti vya nyuma vimeng'olewa, uzito chini ya tani moja, na kwa aliyetaka, gia boksi ya mbio isiyo na ubembelezaji wowote, ile ile nidhamu ya mzee wa jengo letu.

Novemba 2022 wakatuonyesha Abarth 500e, ya umeme. Farasi 155, betri ya kilowati-saa 42, kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa sekunde 7. Mjini, kwenye taa, inaondoka kwa nguvu kuliko 695 ya kawaida, na kwa kuwa betri iko sakafuni inashika kona vizuri kuliko ndugu zake wa petroli. Hayo nayakubali bila kinyongo. Waliweka pia spika kwa nje inayotoa sauti ya Record Monza, kazi iliyowachukua maelfu ya saa za kurekodi na kupima. Nimeisikiliza kwa moyo mweupe. Ni sauti nzuri. Inakera baada ya robo saa ya barabara kuu, na mwenye gari anaizima.

Lakini sauti si shida yangu. Shida yangu ni kwamba gari hili limefungwa. Sikuona sanduku lolote la kuagiza. Hakuna kitu ambacho fundi wa mtaani anaweza kukitoa, kukitanua na kukirudisha kikiwa bora. Abarth aliujenga umaarufu wake kwa kumwachia mwenye gari mlango wazi, na mlango huo ukifungwa, ngao ya nge inabaki alama ya kiwanda kama alama nyingine yoyote. Petroli nilikuwa tayari kuiaga. Umeme hauzuii jambo hili: unaweza kuuza sanduku lenye springi, breki, matairi, viti vyepesi, na programu halali ya kuongeza nguvu, vikafungwa popote penye fundi aliyesomea. Wakilifanya hilo, nitakuwa wa kwanza kulisifia.

Sokoni mambo hayakwenda walivyotaraji. 500 za petroli ziliondolewa kwenye maduka ya Ulaya mwaka 2024, sheria mpya za usalama wa mifumo ya kompyuta zilipowafikia, na laini ya 500 ya umeme ya Mirafiori ikasimama mara kadhaa mwaka huo kwa kukosa wanunuzi wa kutosha. Wafanyakazi wakarudishwa nyumbani kwa malipo pungufu. Hilo katika mji huu linaonekana hadi kwenye baa za asubuhi. Fiat ikageuza: sakafu iliyochorwa kwa ajili ya betri ikakatwa na kutengenezwa upya ipokee injini ndogo ya silinda tatu, farasi 65, gia sita za mkono, na Novemba 2025 gari hilo, 500 ya mseto wa petroli na umeme, likaanza kutoka Mirafiori. Ni polepole, na haijali. Mimi ninachokitazama ni kwamba mbele ya sakafu ile sasa pana nafasi ya injini, na pale penye nafasi ya injini ndogo wahandisi wa Turin wamekuwa wakitazama kwa jicho jingine tangu 1949.

Wasomaji wa nyumbani huniuliza kama gari hili linafaa kuletwa. Japani wanazipenda sana Abarth na huzitunza, na nyingi huko zina usukani wa kulia, kwa hiyo njia ipo. Kwa Kenya hakikisha haijapita miaka minane. Tanzania inaingia hata ikipita, ila ushuru wa uchakavu utakuuma. Muulize muuzaji mkanda wa taiming ulibadilishwa lini, na kama hana karatasi, hesabu kwamba haujabadilishwa. Omba picha za chini, hasa mhimili wa nyuma, maana kutu hupenda kuanzia hapo. Angalia kama springi ni za kiwandani au zimeshafupishwa, kwa sababu ikiwa zimefupishwa kila tuta la Morogoro Road au Thika litaipiga ekzosi. Na kama ni esseesse, muulize kama sanduku lake bado lipo.